Mswaki unanuka, kopo lina utelezi: tafuta chanzo kabla hujakisingizia choo

Ukianzisha tu mada ya usafi wa mswaki watu wote akili inaenda chooni. Utasikia usiweke mswaki bafuni, choo kinarusha vijidudu, ufunike, nunua kile kiboksi cha taa ya bluu cha kuua vijidudu, wengine wanauloweka kwenye jiki kabisa. Mi nasema choo kinasingiziwa sana. Nyumba nyingi za kupanga hapa Dar bafu na choo ni kimoja mnachangia vyumba vinne au vitano, kwaiyo mswaki wa mtu haukai hata bafuni, uko chumbani kwake kwenye kikombe juu ya kabati au kwenye kopo dirishani, na bado unanuka. Hapo choo kimeingiaje?

Mara nyingi mkosaji ni unyevu. Mswaki haukauki, kopo halioshwi, ndoo kila mtu anachovya. Sasa badala ya kukimbilia dawa, anza na kile unachokiona au unachokinusa halafu urudi nyuma mpaka ukute chanzo. Mengine nitayapita haraka maana hayana maneno mengi.

Mswaki unanuka, au nywele zake zinateleza

Jaribu hivi: jioni kabla hujaweka dawa ya meno, pitisha kidole kwenye nywele za mswaki. Kama ulipiga mswaki saa 12 asubuhi na saa 2 usiku bado una majimaji, basi tatizo ndo hilo, haukauki. Na usipokauka hata uuchemshe leo, kesho kutwa utakuwa palepale.

Kwa nini haukauki? Angalia kwanza kifuniko. Zile kofia za plastiki zinazokuja na mswaki zinaonekana za usafi kweli, ila ukifunika mswaki umelowa unawafungia bakteria ndani na unyevu wao, na ndo wanachotaka. Kofia ni ya safari tu, na iwe na matundu. Halafu angalia unavyokaa: umelala kwenye sinki, umetupwa kwenye kikapu cha sabuni, au umechomekwa kichwa chini ndani ya kikombe (wapo wanaofanya hivyo ili vumbi lisiingie, sasa maji yote yanatuama kwenye nywele). Mswaki usimame, kichwa juu, hewa ipite. Kama mko wengi vichwa visigusane, maana miswaki ikilaliana ya baba na ya mtoto inapeana kila kitu.

Kingine ni kusuuza kwa haraka. Watu wengi wanapitisha mswaki kwenye maji sekunde moja, basi. Weka kidole gumba kwenye nywele, sugua huku maji yanapita mpaka ile povu nyeupe iishe, hasa pale chini nywele zinapoingia kwenye plastiki, hapo ndo mabaki ya dawa na chakula yanapojificha na kuwa meusi. Kisha ukung'ute kwa nguvu, pembeni ya sinki au nje.

Kwa watu wa pwani kuna shida ya ziada, masika. Kuanzia Machi mpaka Mei hewa yenyewe imelowa, hata nguo hazikauki, sembuse mswaki. Hapo dawa yake ni kuwa na miswaki miwili, mmoja wa asubuhi mmoja wa usiku, kila mmoja unapata siku nzima ya kukauka. Sio gharama kubwa, maana miwili ikipokezana inachelewa kuchoka.

Wanaopata tabu zaidi ni wanafunzi wa bweni. Mswaki umefunikwa kofia, umewekwa kwenye kifuko cha nailoni pamoja na sabuni ya kipande, kifuko kimefungiwa kwenye tranka siku nzima na tranka lenyewe liko kwenye joto. Mzazi, ukimpelekea mtoto vifaa vya shule mpe miwili, na umwambie usiku autoe uning'inie kwenye chuma cha kitanda, akiogopa utaibiwa aufunge kamba. Mswaki wa kuwekwa tranka bora uviringishwe kwenye kitambaa cha pamba kikavu kuliko nailoni.

Kopo la miswaki lina duara jeusi chini

Hapa ndo nataka ukae kidogo. Nenda sasa hivi kachukue kopo lenu la miswaki, toa miswaki yote, liinamishe kwenye mwanga uangalie chini. Utakuta maji kidogo ya rangi ya chai ya rangi, yana utando juu, ukutani kuna michirizi ya dawa ya meno iliyokauka, na pale maji yanapoishia kuna duara la kahawia au jeusi linaloteleza ukiligusa. Mpini wa mswaki unakaa humo siku nzima, asubuhi unaushika kwa mkono, na mkono huohuo unamkamulia mtoto dawa ya meno.

Mwaka 2011 taasisi ya NSF ya Marekani ilipima vitu vya nyumbani kwenye familia 22, kikopo cha miswaki kikashika nafasi ya tatu kwa uchafu baada ya sponji ya vyombo na sinki la jikoni. Kiti cha choo hakikukifikia. Sababu ni rahisi, choo kila mtu anaona aibu kikiwa kichafu kwaiyo kinasuguliwa, kopo la miswaki hakuna mgeni anayeliangalia ndani.

Liosheni mara moja kwa wiki kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua chini kabisa, lianike kwenye jua. Halafu ondoa kinachosababisha: kopo lisilo na tundu litarudi kuwa vile tu. Chukua kopo la plastiki, pasha msumari moto, toboa matundu manne matano chini, liweke juu ya kisahani. Maji yanashuka, kisahani unakifuta. Ukipenda la kununua, chagua linaloshika mswaki shingoni na kuacha chini wazi.

Utelezi wa pinki, weusi kwenye tailizi, magamba meupe kwenye koki

Hivi ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina dawa yake, ndo maana mtu anasugua na jiki wiki nzima haoni badiliko.

Pinki au chungwa, kwenye kingo za sinki, chini ya chupa ya shampuu, kwenye pazia la bafu, pembeni ya maji ya choo. Wengi wanadhani ni kutu ya bomba. Kwangua kidogo na ukucha au kijiti: kutu haitoki kirahisi, hii inatoka kama ute. Mara nyingi ni bakteria wanaitwa Serratia marcescens, wanapenda mabaki ya sabuni na unyevu. Mtu mwenye afya hawamsumbui sana, ila kwa mgonjwa, mwenye kidonda au anayevaa lenzi za macho wanaweza kuleta shida, na pale ndo unapolaza mswaki.

Nyeusi, kwenye mistari ya katikati ya tailizi na kwenye kona za dari, huo ni ukungu, bafu halipumui. Unaweza kuutoa leo, usipofungua kile kidirisha cha juu (ambacho fundi wengine wanakiziba kabisa kwa sababu mwenye nyumba anaogopa wezi) unarudi.

Nyeupe na ngumu, kwenye koki na kwenye matundu ya bomba la mvua, hayo ni madini ya maji ya kisima. Wanaotumia maji ya visima yenye chumvi wanaelewa. Huo sio uchafu wa vijidudu ila unakwaruza na uchafu mwingine unajishika humo. Loweka kitambaa kwenye siki, kizungushie koki nusu saa, sugua, suuza.

Sasa jiki. Kwa pinki na nyeusi, sugua kwanza na sabuni ya unga mpaka ule ute utoke, suuza, NDO upake jiki. Ukimwaga jiki juu ya uchafu inaishia kupambana na uchafu, vijidudu vya chini vinabaki. Kipimo: jiki nyingi za huku zimeandikwa 3.5% kwenye lebo, hiyo ni vijiko 2 vya chakula kwenye lita 1 ya maji ya baridi. Paka, iache imelowa dakika 10, suuza. Changanya ya leo tu, maana ikikaa inaisha nguvu, na ile chupa kubwa iliyokaa juani dukani nayo ishapungua.

Na hapa naomba unisikilize. Usichanganye jiki na siki, ndimu, wala ile asidi ya choo inayouzwa kwenye chupa za maji mtaani. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, kwenye bafu dogo la bila dirisha unaweza kuanguka humohumo. Hata dawa za kusafishia choo za dukani nyingi ni asidi. Koki uliyoiloweka siki, isuuze sana, jiki iwe siku nyingine. Na usiichanganye na mkojo wala dawa zenye amonia, kwaiyo choo cha kukojolea kinamwagiwa maji mengi kwanza.

Mswaki mkuukuu unafaa sana kusugulia mistari ya tailizi, ila ukishaamua ni wa kusugulia kata mpini nusu au uuchome ncha. Usipouwekea alama kuna mtu mmoja hapo nyumbani, mara nyingi shemeji aliyekuja juzi, ataukuta bafuni na kuupigia mswaki.

Choo chenyewe je?

Sijasema hakina kesi kabisa. Tangu mwaka 1975 mtaalamu wa vijidudu wa Marekani, Charles Gerba, alichapisha utafiti ulioonesha kuwa ukiflashi, matone madogo yanaruka na bakteria na kutua kwenye vitu vya jirani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliyamulika kwa leza kwenye choo kisicho na mfuniko, matone yakafika mita 1.5 juu ndani ya sekunde 8. Kwaiyo kama sinki liko karibu na choo cha kukaa, mswaki usikae hapo wazi, uweke kwenye kabati lenye matundu au uhamie chumbani.

Ila wengi wanaishia kwenye kufunga mfuniko wakidhani wamemaliza. Utafiti mwingine wa huyohuyo Gerba na wenzake wa mwaka 2024 ulikuta kufunga mfuniko hakupunguzi sana virusi vinavyotua pembeni, maana vinapenya pale kwenye uwazi. Kilichosaidia ni kusugua choo chenyewe kwa dawa. Funga mfuniko sawa, ila sugua.

Kwa vyoo vya kuchuchumaa vya kumwagia maji, shida sio kuflashi, ni mtu kwenda chooni na kopo la maji, kutundika mswaki kwenye kile kidirisha au juu ya kitasa, akimaliza anaendelea kupiga mswaki bila kunawa. Huo mkono ni hatari kuliko matone yote ya leza. Nawa na sabuni kwanza, mswaki baadae.

Asubuhi unakuta vidoti vyeusi kwenye mswaki au kopo

Vidoti kama pilipili manga iliyosagwa, hao ni mende. Vikubwa vyenye ncha nyeupe, huyo ni mjusi. Mende wanatoka kwenye tundu la maji machafu usiku kutafuta maji na mabaki, na dawa ya meno iliyoganda wanaila vizuri tu, halafu miguu yao ndo imetoka kwenye shimo la choo. Hapa nako nitakuruhusu kuficha mswaki usiku, kwenye chombo chenye matundu madogo au uuning'inize na kamba mbali na ukuta. Weka wavu kwenye tundu la bafu, funga mfuniko wa dawa ya meno, futa sinki likauke kabla ya kulala. Mswaki ambao ushakuta mende juu yake, tupa, usijadiliane nao.

Maji

Hili linasahaulika. Maji ya bomba yakikatika tunaishi kwa ndoo na madumu, na asubuhi utaona mtu anachovya mswaki moja kwa moja kwenye ndoo, anapiga, anachovya tena kusuuza. Ndoo nzima sasa ina mate ya watu watano. Maji yachotwe na kopo safi lenye mpini, yamiminwe juu ya mswaki, ndoo ifunikwe, na iwe na koki kama mnaweza.

Na maji ya kupigia mswaki yahesabuni kama ya kunywa. Kuna watu wanachemsha maji ya kunywa vizuri kabisa halafu wanasukutua na ya kisimani. Kipindupindu kilichoanzia Dar mwezi Agosti 2015 kikasambaa mikoani kilituonesha maji yasiyotibiwa yanavyoua, na yakiingia mdomoni hayaulizi kama ulikuwa unakunywa au unasukutua. Yachemshe au weka dawa ya kutibu maji kama WaterGuard kwa kipimo cha kwenye chupa.

Miswaki imechanganyika, au mnapeana

Kwenye mageto ya vijana utasikia "nipe mswaki wako fasta mwanangu nachelewa". Usitoe. Fizi zinatoka damu hata bila wewe kuiona, na kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 kikiwa bado kinaambukiza. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania mwaka 2002, kwaiyo wengi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Mume na mke pia, kupendana ni jambo lingine.

Kwa watoto tatizo ni rangi, umenunua paketi ya miswaki ya bei ya jumla yote ya kijani. Funga uzi wa rangi tofauti kwenye kila mpini, au andika herufi na maka peni.

Wanaotumia mswaki wa mti, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutaja kama njia inayofaa toka mwaka 1986, sina ugomvi nao. Ila ile ncha iliyotafunwa ikatwe kila siku utengeneze mpya, na usiuweke kwenye mfuko wa shati pamoja na noti.

Vitu vya kuacha

Kuchemsha mswaki: nywele zinapinda. Maikrowevu: unayeyuka. Kuloweka kwenye jiki: unaweka mdomoni kitu cha kusugulia choo. Kiboksi cha taa ya bluu: hakuna ubaya ila kwa mtu mwenye afya ya kawaida hakuna ushahidi kuwa utaumwa kidogo zaidi kuliko anayesuuza na kukausha. Kutupa mswaki kila ukipata mafua: mafua yako hayakurudii kwa mswaki wako, we utenge tu na ya wenzio. Anayetumia dawa za saratani au kinga yake imeshuka, huyo abadilishe mapema na amuulize daktari wake.

Wote tubadilishe kila miezi 3 au 4. Kama nywele zimetawanyika ndani ya mwezi mmoja, mswaki hauna kosa, unasugua kwa hasira. Nunua wenye nywele laini, hizo ngumu zinakwangua fizi.

Fizi zinatoka damu, mdomo unanuka, na mswaki ni msafi

Basi mswaki sio mkosaji. Damu kwenye fizi mara nyingi ni ukoga uliokaa kwenye mpaka wa jino na fizi, na kosa linalofuata ni kuacha kusugua hapo kwa sababu panatoka damu, ukoga unazidi na damu inazidi. Piga dakika 2 mara 2 kwa siku, taratibu pale kwenye mpaka, na dawa yenye floraidi, ile iliyoandikwa kati ya 1000 na 1500 ppm. Ukimaliza tema, usisukutue na kopo zima la maji, floraidi inatakiwa ibaki. Mtoto chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele tu, kuanzia 3 mpaka 6 kiasi cha njegere.

Mdomo kunuka, tazama ulimi kwa nyuma, ule utando mweupe au wa njano. Ukwangue. Kama bado, tafuta jino lililotoboka au meno yanayonasa nyama. Vidonda vidogo vinavyojirudia, jaribu kubadili dawa ya meno uchukue isiyo na sodium lauryl sulfate (kile kinachotoa povu), ipo kwenye orodha nyuma ya boksi, baadhi ya watu inawasumbua.

Ukifanya haya yote wiki 2 damu haijapungua, nenda kwa daktari wa meno, huenda ukoga umeshakuwa jiwe na jiwe halitoki kwa mswaki wowote. Mjamzito na mwenye kisukari wasisubiri hizo wiki 2. Na shavu likivimba na homa juu, au unashindwa kufungua mdomo au kumeza, usipoteze muda kusukutua maji ya chumvi, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.